Gari la zamani halifilisi, kinachofilisi ni kubahatisha

Mwezi hauishi bila mtu kuuliza swali hili kijiweni, kazini au kwenye kundi la familia: "Gari langu limekufa injini, nitengeneze au niuze?" Majibu huja kwa wingi. Mmoja atasema uza hata kwa bei ya kutupa, mwingine atamtaja fundi wake wa Ilala, wa tatu atashauri injini nzima ibadilishwe. Karibu wote hujibu kabla hawajauliza gari lenyewe lina nini.

Swali hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Nani amethibitisha ubovu, na amethibitisha kwa kipimo gani? Gari la zamani lina gharama zake, na gharama hizo zinahesabika. Kinachomaliza akiba ya mwenye gari ni spea zinazonunuliwa kabla ya ubovu kujulikana. Hali hiyo itaendelea mpaka tukubali kumlipa fundi kwa kazi ya kutafuta ubovu, kama tunavyomlipa kwa kufungua na kufunga.

Magari yetu yalikotoka

Barabara zetu zimejaa magari yaliyoanza maisha Japani. Kule, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa ukaguzi unaoitwa shaken. Kadiri gari linavyozeeka, gharama ya kulitengeneza ili lipite ukaguzi huo inapanda, na wengi huona heri wauze mapema. Gari linaingia mnadani, linapakiwa melini, linashuka Dar es Salaam au Mombasa likiwa bado na miaka mingi ya kutembea.

Kila nchi imejiwekea mpaka wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia magari yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haikatazi gari kwa sababu ya umri, ila hutoza ushuru wa ziada kwa lililozeeka. Ndiyo maana familia ya kipato cha kati hapa nchini hununua gari lenye miaka 10 au 15, kisha ikalitumia miaka 10 mingine.

Mtaani umri hupimwa kwa herufi za namba ya usajili: hili namba B, lile namba C, la jirani namba D. Kipimo hicho kinadanganya. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. Toyota IST namba D inaweza kuwa imetoka kiwandani mwaka 2003, sawa na nyingine yenye namba B iliyowahi tu kuvuka bahari. Mpira wa bomba la maji, sili za oili na bushi vinazeeka tangu siku gari lilipotengenezwa, hata kama limekaa limeegeshwa.

Kisha kuna barabara zenyewe. Matuta yanamaliza shokapu na boljointi, vumbi linaziba filta, na foleni ya Mbagala au Kimara inaichosha injini kwa saa ambazo mita ya kilomita haizihesabu. Gari likisimama dakika 40 huku linaunguruma na AC imewashwa, kilomita haziongezeki, lakini oili inazeeka na feni haipumziki. Anayesubiri kilomita 5,000 zitimie ndipo amwage oili, huku gari lake linaishi kwenye foleni, anachelewa.

Ubovu mdogo unavyokua

Mfano mzuri wa matengenezo ya gharama kubwa ni gari kuchemsha. Ndio ubovu unaoua injini nyingi, na karibu kila mara huanza na kitu cha bei ndogo.

Maji ya injini hufanya kazi yakiwa kwenye presha. Kifuniko cha rejeta kina springi na mpira unaozuia presha isitoke mpaka ifike kiwango chake. Kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia hadi karibu nyuzi 120. Mpira ukichakaa, presha haishiki, maji yanachemka mapema na yanatoka kidogo kidogo kila safari. Mwenye gari anaongeza maji ya bomba kila asubuhi na kuona maisha yanaendelea. Maji ya bomba hayana dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye kulanti. Kutu na chokaa vinajikusanya kwenye njia nyembamba za rejeta, na siku gari linapopanda Kitonga likiwa na abiria watano na mizigo, njia hizo hazitoshi tena.

Hapo huja ushauri unaosikika kila gereji: "Toa themostati, nchi yetu ya joto haihitaji." Themostati ni mlango unaofunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ukiiondoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi na oili inachafuka upesi. Tena katika injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupoozwa. Dawa iliyotolewa dhidi ya kuchemsha inageuka sababu ya kuchemsha.

Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishachemka. Taa nyekundu ikiwaka, dereva akisema "nifike tu nyumbani, ni hapo mbele," silinda hedi ya alumini inatanuka na kupinda. Gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko cha rejeta kilikuwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Sasa inazungumzwa hedi, gasketi, boliti, oili, kulanti na ufundi wa siku kadhaa.

Hapa ndipo inapoonekana tofauti ya fundi na fundi. Baada ya hedi kushuka, fundi makini huikwangua taratibu mpaka uso wake ung'ae, anaisafisha na kuilaza kwenye benchi. Anachukua rula ya chuma iliyonyooka sawasawa, anaisimamisha kwa ubavu wake juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona. Kila mahali anajaribu kupitisha kijipande cha bati jembamba chenye kipimo. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, kipande cha unene wa milimita 0.05 kikipita chini ya rula, hedi imepinda kupita kiasi na lazima ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Kwa macho huoni kitu. Anayefunga gasketi mpya bila kipimo hicho anafunga kwa kubahatisha, na baada ya miezi michache gari linarudi palepale.

Kuna hata injini ambazo gasketi haikuwa tatizo tangu mwanzo. Injini ya 2AZ ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier na Alphard nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, inajulikana kwa udhaifu mmoja: njia za uzi kwenye bloku, hasa upande wa nyuma, hulegea na boliti za hedi zikakosa pa kushika. Hedi inanyanyuka kidogo na maji yanapita. Ukibadilisha gasketi bila kutengeneza njia hizo kwa kuweka uzi mpya wa chuma, umetupa fedha. Kuna wenye Harrier waliolipia gasketi mara mbili, mara tatu, mwisho wakaiuza kwa hasira wakiamini gari lina mkosi. Boliti zilipokuwa zinafunguliwa, iliyotoka bila kukaza au iliyotoka na vumbi la alumini ilitosha kueleza kila kitu.

Mengine yana historia ya namna hiyo. Injini ya 1ZZ ya lita 1.8, iliyomo kwenye baadhi ya Spacio na Corolla, katika matoleo yake ya mwanzo hula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba. Mwenye gari asipopima oili kila wiki, taa ya oili itamkuta amechelewa na injini imenoki. Giaboksi za CVT zinataka oili yake maalumu. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, mkanda wa chuma ndani yake unaanza kuteleza na kujikwaruza. Chupa chache za oili isiyo yake zinamaliza giaboksi nzima.

Kwa nini fundi anataja spea kwanza

Mazungumzo ya kawaida gereji huenda hivi:

"Bosi, hapa ni gasketi. Niachie laki nne na nusu nikachukue spea, kesho jioni unachukua gari lako."

"Umejuaje ni gasketi, fundi?"

"Dalili zote zipo bosi. Mimi haya magari nimeyazoea."

Huenda yuko sahihi. Lakini hakuna aliyepima, na kipimo kipo. Pampu ndogo ya mkono hufungwa mdomoni mwa rejeta, presha ikapandishwa, na kila anayesimama pale anaona kama mshale unashuka na maji yanatokea wapi. Kuna kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma. Moshi wa injini ukiwa umevuja kuingia kwenye maji, kimiminika kinageuka njano. Kuna kipimo cha kompresheni kinachofungwa mahali pa plagi na kuonyesha silinda ipi imelegea. Vipimo vyote vitatu vinamalizika katika sehemu ya asubuhi, na injini haijafunguliwa.

Havifanyiki kwa sababu hakuna anayevilipia. Sisi wateja tumezoea kwamba kuangalia ni bure. Fundi anainama chini ya gari, anasikiliza, anajaribisha barabarani, anatumia saa mbili za maarifa aliyoyapata kwa miaka 15, kisha tunamwambia "asante fundi, ngoja nijipange." Tunamlipa pale tu anapofunga kitu kipya, na hata hapo tunabana ufundi mpaka ubaki kidogo. Naye ana kodi ya eneo, ana vijana wawili wa kuwalisha mchana, ana watoto shuleni. Riziki yake anaitafuta kwenye spea, kwa kile tunachokiita cha juu: duka linamwandikia risiti ya bei kubwa na tofauti inabaki kwake.

Tukilalamika kwamba mafundi ni wezi, tunakwepa mchango wetu. Tumejenga utaratibu ambao fundi anayesema "kaza hiki kibano tu, gari ni zima" anarudi nyumbani mikono mitupu, na anayesema "badilisha rejeta" anakula. Kisha tunashangaa rejeta zinavyobadilishwa.

Mashine ya kompyuta haijaondoa tatizo hilo, wakati mwingine imelipa sura mpya. Taa ya injini ikiwaka, kijana anachomeka kifaa chini ya usukani na kusoma namba, kwa mfano P0171. Namba hiyo inasema mchanganyiko wa hewa na mafuta una hewa nyingi kupita kiasi. Haisemi sababu. Inaweza kuwa bomba la hewa limepasuka, kihisi cha hewa kina uchafu, au pampu ya mafuta imechoka. Anayekimbilia kununua kihisi cha oksijeni kwa sababu ya namba hiyo anabahatisha vilevile, safari hii kwa kutumia kompyuta.

Suluhisho liko mikononi mwa mteja. Mwambie fundi mapema: "Nakulipa kwa kutafuta ubovu, nipe jibu na unionyeshe." Kubalianeni bei ya kazi hiyo peke yake, na umlipe hata kama jibu ni kwamba gari ni zima. Ukishapata jibu, spea nunua mwenyewe au nendeni pamoja dukani, na ufundi ulipe bei inayomfaa. Fundi anayeheshimu kazi yake atafurahi. Anayekasirika umeshamjua bila gharama kubwa.

Mpya, mtumba na kopi

Kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo, kitu kimoja kina bei tatu au nne. Kuna spea halisi ya kampuni iliyotengeneza gari. Kuna spea mpya ya kampuni nyingine inayojulikana. Kuna mtumba, uliotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani au kupitia masoko ya spea ya Sharjah. Na kuna kopi, nyingi zikiwa zimewekwa kwenye boksi lenye nembo ya kuiga.

Mtumba haustahili kudharauliwa wala kuaminiwa kwa kila kitu. Mlango, taa, alternata, hata giaboksi iliyotoka kwenye gari lililopata ajali Japani inaweza kuwa bora kuliko kopi mpya. Lakini kitu kinachochakaa kwa kusuguana au kwa umri usikichukue mtumba: mkanda wa taimingi, wotapampu, bureki padi, gasketi, mipira, filta. Vile vinavyoshika uhai wa abiria, yaani bureki, usukani na boljointi, visiamuliwe kwa bei. Boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu linalala na dereva hana tena usukani.

Omba spea ya zamani urudishiwe. Hilo ni ombi la heshima na mafundi wazuri hulitarajia. Ukiishika mkononi, ukaona ufa au mpira uliokatika, umepata risiti ya kweli ya kazi iliyofanyika.

Nitengeneze au niuze?

Sasa turudi kwenye swali la kijiweni, maana ubovu ukishathibitishwa, swali lina majibu. Tuchukue mfano wa kuhesabia. Gari likiwa zima lingeuzwa shilingi milioni 9. Likiuzwa na ubovu wake, mnunuzi atatoa milioni 5. Matengenezo yaliyothibitishwa yanadai milioni 2.5. Hapo kutengeneza kunaongeza thamani ya milioni 4 kwa gharama ya milioni 2.5. Hata anayetaka kuuza atengeneze kwanza.

Badilisha namba. Gari zima lingeuzwa milioni 6, likiwa bovu milioni 4.5, na matengenezo ni yaleyale milioni 2.5. Kwa anayeuza, kutengeneza ni hasara ya milioni 1. Kwa anayekusudia kubaki nalo, swali linakuwa jingine: gari la kuchukua nafasi yake litagharimu kiasi gani, na litahitaji nini mwaka wa kwanza? Gari la kununua mkononi nalo litataka matairi, shokapu, oili zote na betri, pamoja na maradhi ambayo muuzaji hakuyataja. Lako unayajua maradhi yake. Ujuzi huo una thamani, na hesabu isipouweka ndani ni pungufu.

Kitu kimoja kisiingie kwenye hesabu: fedha zilizokwisha kutumika. "Nimeshaweka milioni mbili, siwezi kuliacha" ni maneno yanayowapeleka watu kwenye milioni nne. Zile mbili zimekwenda, uuze usiuze. Linalopimwa ni shilingi inayofuata italeta nini.

Kuna hali ambazo jibu ni kuachana nalo. Kutu ikishakula mihimili ya chini na sakafu, fundi wa bodi atapaka rangi juu ya hatari. Gari lililozama kwenye mafuriko linaoza nyaya kimya kimya na litakusumbua umeme miaka yote. Injini na giaboksi zikichoka pamoja kwenye gari la bei ndogo, hesabu haikubali. Na gari la aina ambayo kila spea lazima iagizwe nje litakuweka kwenye bodaboda kwa wiki kadhaa kila linapougua.

Kwa anayeamua kubadilisha injini nzima, jambo hilo lina upande wa sheria. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini mpya ikiingia, dai nyaraka za mahali ilipotoka na ukaandikishe mabadiliko TRA kabla ya kusahau. Gari lenye injini isiyolingana na kadi litakupa shida siku ya kuliuza, na shida kubwa zaidi polisi wakilikagua. Kabla ya injini kufungwa, fundi aipime kompresheni na abadilishe sili na wotapampu ikiwa bado iko chini, ambako kazi hiyo ni nyepesi.

Daftari la gari

Matengenezo makubwa huumiza zaidi yanapokuja bila fedha na bila kumbukumbu. Kwanza, weka daftari kwenye gari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanyika, aina ya oili na bei. Fundi mpya akilisoma ataona themostati ilitolewa lini na nani alibadilisha gasketi, na hatafunga upya kosa la mwenzake. Siku ya kuuza, daftari hilo litakuongezea bei kwa mnunuzi anayejua magari.

Pili, tenga kiasi cha gari kila mwezi kama unavyotenga kodi ya nyumba. Anayefanya biashara ya teksi atenge kila siku, maana gari lake likisimama na mapato yanasimama. Kiasi kitategemea kipato cha mtu. Muhimu kisiguswe kwa harusi wala michango. Ukianza mapema, kifuniko cha rejeta, kulanti na mkanda wa taimingi unaofikia kilomita 100,000 vitalipwa kwa wakati wake, na ile bili ya kukata pumzi itakuwa nadra.

VETA imekuwa ikipima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani, hatua inayostahili kupanuliwa zaidi. Wenye gereji nao waanze kuandika matokeo ya vipimo kwenye karatasi, kama mtu anavyotoka na majibu ya maabara. Lakini kuwasubiri wao hakuna haja. Safari hii, gari likiingia gereji, usianze kwa kuuliza spea ni shilingi ngapi. Uliza fundi atapima kwa nini, atakuonyesha nini, na kazi hiyo ya kupima umlipe kiasi gani.